Mlinzi akipumzika, nini kipite getini?

MFANYABIASHARA yeyote aliyewahi kupakia alizeti Issuna, wilayani Ikungi, na kuishika barabara ya Manyoni au ya Singida mjini anakijua kizuizi cha ushuru wa mazao. Anajua pia kwamba kizuizi kina orodha yake: tangu mwaka 2017, mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine haulipiwi ushuru. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: mkusanya ushuru akienda kula, mti wa kizuizi ubaki chini au ubaki juu?

Kwa wenye kompyuta, swali hilo sasa ni la fedha. Ufuta, dengu, choroko na mbaazi vimekuwa vikiuzwa katika minada ya mtandao ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na chama cha ushirika kinachoweka hesabu za wakulima kwenye kompyuta kinategemea mtandao huohuo. Kati ya kompyuta hiyo na intaneti husimama programu ya ulinzi iitwayo faiawoli. Hiyo ndiyo inayokagua kila kinachoingia na kinachotoka, na kuamua kipi kipite.

Wanunuzi wengi huuliza kama faiawoli ipo. Wachache huuliza kinachopita inaposimama. Nayo husimama: fundi anapobadilisha sheria zake, kosa linapotokea wakati wa kuziwasha sheria mpya, au umeme unapokatika na kurudi.

Programu zenyewe hazifanani katika jambo hili. Faiawoli ya Windows ikizimwa, kizuizi chake huinuka na kila kitu hupita. Shorewall, programu ya bure iliyotungwa na Mmarekani Thomas Eastep kwa ajili ya mitambo ya Linux, hutenganisha amri mbili. Amri ya kufuta huondoa sheria zote na kuacha njia wazi. Amri ya kusimamisha huteremsha kizuizi, kisha huruhusu tu yale yaliyoandikwa katika faili maalumu la sheria za wakati wa kusimama. Kuna pia chaguo moja ambalo jina lake linamtania msimamizi kuwa ni msahaulifu: likiwashwa, mawasiliano yaliyokuwa yakiendelea hayakatwi, na mtambo wa faiawoli wenyewe unaweza kuanzisha mawasiliano mapya kwenda nje.

Wapo mafundi wanaopenda kufungua kila kitu "ili kazi isikwame". Hoja yao ina uzito siku ya mnada, lakini hesabu yake haikamiliki. Mitambo inayopekua intaneti usiku na mchana kutafuta milango iliyo wazi haisubiri fundi amalize chai. Daftari la malipo ya wakulima likiibwa au likifungwa na wahalifu wanaodai fidia, hasara haiishii kwenye bei ya kompyuta. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kufunga kila kitu nako kuna gharama. Fundi aliyeko Singida mjini au Dodoma, akifanya kazi kupitia mtandao, anaweza kujifungia nje kwa amri yake mwenyewe. Itabidi apande basi hadi Issuna ili aufikie mtambo, na huku ofisi inasubiri.

Njia yenye faida ni kizuizi kubaki chini pamoja na orodha fupi. Kwanza, kompyuta za ndani ya ofisi ziruhusiwe kuwasiliana na mtambo huo, ili mtu aliyepo pale aweze kurekebisha. Pili, iruhusiwe anwani moja ya fundi, tena kwa njia iliyofungwa kwa siri. Anwani hiyo iwe isiyobadilika, kwa sababu anwani ya intaneti ya simu hubadilika mara kwa mara, na kuiandika ni sawa na kumpa mlinzi jina la mtu asiyefika. Tatu, kingine chochote kisipite. Kama biashara haiwezi kuvumilia kusimama, basi kazi ifanywe baada ya mnada kufungwa, wala si kwa kuacha geti wazi.

Umeme unahitaji tahadhari ya pekee. Unaporudi, mtambo unaweza kuunganishwa na intaneti kabla faiawoli haijaamka. Muda huo ni mfupi, lakini hauna mlinzi. Shorewall ina programu ndogo ya kuteremsha kizuizi kabla mtandao haujawaka, na fundi aulizwe waziwazi kama ameiweka. Mwenye programu nyingine aulize swali lilelile.

Uamuzi huu usiachiwe fundi peke yake. Fundi anajua namna ya kuandika orodha, lakini mwenye mali ndiye anayejua kipi akikosa kwa saa moja atapata hasara, na kipi kikiibwa kitamfilisi. Bodi ya ushirika au mwenye duka aitake orodha hiyo kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, kabla ya kulipa malipo ya mwisho. Kisha, kabla ya msimu kuanza, faiawoli isimamishwe makusudi siku isiyo na biashara, ijaribiwe kutoka ndani na kutoka nje, na ionekane kama kinachopita ni kile tu kilichoandikwa. Jaribio hilo la saa moja ni bei ndogo kuliko kuligundua kosa siku ambayo malipo ya wakulima yamo ndani.