LISEMWALO LIPO? MIMI NAKATAA

Naishika kalamu nikiwa na jambo moja moyoni, nalo ni ule ukurasa wa "Nasikia" wa jarida letu hili la Chama cha Kiswahili. Najua ndio unaosomwa kwanza. Wengine hata husoma huo tu, kisha jarida likafungiwa mandazi! Mwaka huu zilitiwa karatasi tatu katika kisanduku cha makala, zote zikiwahusu wafanyakazi wa kituo kimoja cha redio cha hapa mjini. Zasema habari za pesa. Zaidi ya hapo sisemi, maana nikiyarudia nitakuwa nimeyachapisha kwa mlango wa nyuma. Hakuna karatasi hata moja iliyosema nani aliona. Wahariri waliziweka kando, lakini wenzangu wawili wa kamati wakateta: mbona tuzikatae ilhali mji mzima unasema? Wahenga si walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja?

Methali hiyo naiheshimu, lakini siku hizi imegeuzwa kibali cha kusema lolote.

Hebu tutazame kisa cha kweli. Tarehe 7 Julai 2023 gazeti la The Sun la Uingereza lilitoa habari kwamba mtangazaji mmoja mashuhuri wa BBC alidaiwa kumlipa kijana maelfu ya pauni ili apewe picha za aibu. Jina halikutajwa. Mtu angedhani kwamba kuficha jina ni heshima, kumbe ndiko kulikowasha moto! BBC ina watangazaji wengi, na kila aliyefanana kidogo na maelezo yale akawa mshukiwa. Mitandaoni watu wakaanza kubahatisha kama wanaocheza bahati nasibu. Gary Lineker akalazimika kusema si yeye. Jeremy Vine naye vivyo hivyo. Rylan Clark akasema yuko Italia akirekodi kipindi, jamani, wamwache. Nicky Campbell akapeleka malalamiko polisi. Fikiria, ewe msomaji, mtu mzima na heshima zake anaamka asubuhi, na kazi yake ya kwanza ni kuutangazia ulimwengu kwamba hakufanya jambo ambalo hakuna aliyemwona akilifanya. Akinyamaza, watasema kimya chake ndicho jibu. Akikana, watauliza mbona ana wasiwasi.

Tarehe 12 Julai mke wa Huw Edwards alitangaza kwamba anayesemwa ni mumewe. Siku hiyo hiyo polisi wa London walisema hawakuona ushahidi wa jinai katika madai yale. Najua kuna mmoja hapa anayeinua mkono: "Lakini huyo Edwards si alikuja kupatikana na hatia?" Naam, Julai 2024 alikiri mahakamani makosa ya picha haramu za watoto, na sina neno hata moja la kumtetea. Lakini angalia vizuri. Hiyo ilikuwa kesi nyingine kabisa, na polisi waliifikia kwa kuchunguza simu ya mtu mwingine, si kwa kusikiliza porojo. Na wale wanne je? Walisemwa, na halikuwapo, wala halikuja. Siku zao tano hizo nani atawarudishia?

Na BBC yenyewe si malaika. Novemba 2012 kipindi chake cha Newsnight kilirusha madai ya kuwadhulumu watoto dhidi ya mwanasiasa ambaye hakikumtaja. Watu wakamtaja wao: Lord McAlpine. Hakuwa yeye. Mlalamishi mwenyewe alipoonyeshwa picha yake baadaye akasema huyu siye. Picha tu! Jambo la dakika moja. Wala hakuna aliyempigia mzee yule simu akamwuliza. BBC ilimlipa pauni 185,000, na mkurugenzi wake mkuu, George Entwistle, akajiuzulu akiwa na siku 54 tu katika kiti. Ikiwa kampuni yenye wanahabari wengi vile iliteleza, sisi wa kalamu ya Bic na karatasi ya daftari tuna nini cha kujivunia?

Sasa turudi hapa kwetu. Kuna mama mmoja jirani yetu, mimi humwita shangazi ingawa si wa damu, ambaye hufagia na kupika chai katika ofisi za kituo hicho. Hatangazi, hashiki pesa, funguo ya sefu hajawahi kuiona. Lakini uvumi husema "wafanyakazi", na yeye ni mfanyakazi. Mwezi ule uvumi ulipopamba moto alienda dukani kuchukua unga na mafuta kwa deni kama ilivyo desturi yake, naye mwenye duka akamwambia kwa upole, "Mama, safari hii nipe taslimu, mambo yenu huko hayaeleweki." Binti yake aliulizwa shuleni kama mamake atafungwa. Hakuna aliyemshtaki mama huyo, kwa hiyo hana hata mahali pa kwenda kujitetea. Atamjibu nani? Atamwandikia barua nani?

Sisemi kampuni za habari zisiguswe. Zinapenda kutueleza ya magavana na ya shule zilizogoma, lakini ya kwao mara nyingi ni funika kombe mwanaharamu apite. Mishahara ikichelewa, au wafanyakazi wakinyanyaswa, hiyo ni habari na iandikwe, tena kwa herufi kubwa. Na mara nyingi habari kama hiyo huanza kwa mnong'ono, nakubali. Lakini ukisikia harufu ya moshi, si unaenda kwanza kutazama? Huandiki kwamba nyumba ya fulani imeteketea.

Katiba yetu ya 2010 imetupa uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33, na kifungu hicho hicho kinatutaka tuheshimu jina la mwenzetu. Cha 35 kinampa kila mtu haki ya kudai habari ya uongo inayomhusu isahihishwe au ifutwe. Februari 2017 Mahakama Kuu iliondoa kifungo kwa kosa la kuchafua jina, nami nafurahi, maana sheria ile ilikuwa fimbo nzuri mikononi mwa wakubwa. Ila anayechafuliwa bado anaweza kudai fidia. Sijui chama chetu kingelipa na nini, labda na zile meza mbili.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Atakayeleta habari kumhusu mtu aandike nani aliona, lini, na kama mhusika ameulizwa. Kituo chenyewe kiko mwendo wa dakika kumi kutoka langoni petu, hata nauli ya matatu haihitajiki. Katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao nitasimama niombe "Nasikia" ipewe jina la "Nimeuliza". Wale wenzangu wawili wa kamati wameshaniahidi kwamba watanipinga, na mwalimu mlezi amekubali tupewe saa nzima.