BWANA SHAMBA NA WEWE: Geji mpya katika gari kuukuu



Mwezi huu sitasema habari za mbolea wala za mahindi. Nitasema habari za gari. Vipo vikundi vya wakulima hapa Ufipa vyenye pikapu, na mara nyingi ni pikapu ya zamani iliyonunuliwa mkono wa pili. Pikapu hiyo hupeleka mahindi, maharage na alizeti Sumbawanga mjini. Tena hushuka bondeni kuchukua mpunga. Kwa hiyo ni chombo cha kilimo kama plau. Ikiharibika, mkulima anaumia.

Mbele ya dereva kuna kibao chenye mishale na taa. Mishale hiyo mafundi huiita geji. Geji moja huonyesha mwendo. Nyingine huonyesha mafuta yaliyobaki katika tangi. Nyingine huonyesha joto la injini. Taa nyekundu huonya kama oili haisukumwi, au kama betri haipati chaji.

Kikundi kimoja ninachokihudumia kilikuwa na Toyota Hilux ya miaka ya 1980. Kioo cha kibao kilikuwa kimepasuka na vumbi limeingia ndani. Geji ya mwendo ilikufa. Ya mafuta ilikufa. Ya joto peke yake ilikuwa bado nzima. Fundi mmoja akaja na kibao kilichotolewa katika pikapu ya miaka ya karibuni. Kilikuwa kizuri kweli. Usiku kiliwaka kama duka la mjini. Wanachama wakaniuliza, "Bwana shamba, unaonaje?" Nikasema, "Wekeni." Mimi nina cheti cha kilimo, sina cheti cha magari. Lakini nilijibu kama mtu anayejua.

Fundi alikata waya, akaunga, akafunga kwa tepu. Mshale wa mafuta ukainuka. Mshale wa joto ukainuka. Tukafurahi. Akalipwa, akaenda zake.

Mwezi wa Julai gari lilishuka Muze kwa njia ya Ntendo, kuchukua mpunga. Anayeijua njia ile hahitaji kuelezwa. Mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kama mita 800 tu. Gari linaporudi na mzigo hupanda karibu mita 1,000, kona kwa kona, kwa gia ndogo. Injini hufanya kazi kubwa, na upepo wa kuipoza ni mdogo kwa kuwa mwendo ni mdogo. Hapo ndipo dereva hutakiwa kuutazama mshale wa joto.

Dereva wetu aliutazama. Ulikuwa umefika katikati. Katika magari mengi katikati ni salama, basi akaendelea. Mara mvuke ukatoka chini ya boneti. Injini ikazima, haikuwaka tena. Walilala mlimani na magunia yao. Injini ilipofunguliwa, gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua na hedi yenyewe imepinda. Kikundi kiliuza maksai wawili ili kulipia.

Katika mkutano wengi walitaka dereva akatwe mshahara na kufukuzwa. Walisema alikuwa akipiga soga na abiria, hakutazama mbele. Kijana yule alisema neno moja tu: "Wazee wangu, mshale ulikuwa katikati." Hakuna aliyemwamini. Mimi nilinyamaza. Sikumbuki siku nyingine niliyoona haya kwa kunyamaza kama siku ile.

Wiki hiyo nilikwenda kwa fundi wa pili, yule aliyefungua injini. Nikamwambia maneno ya dereva. Akasema, "Tuyapime."

Ndani ya injini kuna kidude cha shaba kinachogusa maji yanayoipoza. Mafundi hukiita sensa. Si ile sensa ya watu tuliyohesabiwa Agosti 2022. Sensa hii husikia joto la maji. Joto likizidi, huruhusu umeme mwingi zaidi kupita, na mshale hupanda. Kwa hiyo mshale hauoni joto. Unaona umeme tu, na unaamini anayeuleta.

Fundi aliitoa sensa, akaifunga waya mmoja kwenye bodi ya gari na mwingine kwenda kwenye geji. Akaitia katika sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, akafungua swichi. Hapa kwetu maji huchemka yakifika kama nyuzi 94, si 100 kama pwani, kwa sababu tuko juu. Maji yalichemka yakaruka. Mshale wa kibao kipya uliinuka robo tu. Kisha tukaleta kibao cha zamani, ambacho mtoto wa mwanachama mmoja alikuwa akikichezea kama usukani. Tukakiunga. Kwa maji yale yale, mshale wake ulipita katikati kidogo.

Basi tukaelewa. Geji ya gari jipya ilitengenezwa kufanya kazi na sensa yake. Sensa ya gari la zamani huleta umeme wa kipimo kingine. Geji ikausoma vibaya. Iliposema katikati, injini ilikuwa inaungua. Kijana alisema kweli.

Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo lililoitwa ilungu. Hawakuwa na geji, walitazama moto wenyewe. Dereva hawezi kuutazama moto ulio ndani ya chuma. Ndiyo maana geji yake lazima iseme kweli.

Sisemi usiweke kibao kipya. Cha zamani kikifa, hakuna budi. Ila mwambie fundi alete kibao pamoja na sensa yake ya joto, kama inaingia katika injini yako. Kabla ya kazi aondoe waya wa hasi wa betri. Na kabla hujamlipa, pima kwa sufuria kama tulivyofanya sisi.

Mafuta pia hupimwa. Ndani ya tangi kuna boya linalopanda na kushuka pamoja na mafuta. Nalo lina kipimo chake, kwa hiyo geji ya gari jingine inaweza kusema nusu wakati tangi ni kavu. Toa mafuta yote. Tia lita 10, fungua swichi, andika mshale ulipo. Tia 10 nyingine, andika tena. Endelea mpaka tangi lijae.

Geji ya mwendo ni shida zaidi. Katika magari mengi ya zamani huzungushwa na kebo inayotoka gia boksi. Nyingi za magari mapya hupata umeme, hazina mahali pa kufunga kebo. Gari letu lilikaa bila geji ya mwendo, na dereva alikisia kilomita 50 kwa saa kila alipoingia kijijini.

Tazama pia taa ya betri. Katika magari mengi umeme unaopita katika taa hiyo ndio unaoiamsha alteneta. Taa isipoungwa, alteneta inaweza kulala na betri ikafa njiani. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya betri na ya oili lazima ziwake. Zisipowaka, usishukuru. Mwite fundi.

Mwisho ni namba za kilomita. Kibao kikija, huja na kilomita za gari jingine. Andika kilomita za gari lako katika daftari la kikundi, na tarehe ya kubadilisha. Bila hivyo hutajua lini umwage oili, na siku ya kuuza utamdanganya mnunuzi hata kama hukukusudia.

Katika mkutano uliofuata nilisimama. Nikaeleza habari za sufuria. Nikasema aliyewashauri vibaya ni mimi. Mzee mmoja akauliza, "Na maksai, bwana shamba?" Sikuwa na jibu. Mshahara wa kijana ulirudishwa.

Pikapu ile ina geji ya joto iliyofungwa peke yake chini ya dashibodi, pamoja na sensa yake. Ni ndogo, na usiku haiwaki. Dereva ni yule yule.