TAA YA BREKI SI PAMBO

Ndugu wanaushirika,

Tunawasikia wanaosema taa nyekundu ya breki ya lori letu ing'olewe globu, pamba iende jineri. Huo ni uzembe!

Taa ikikataa kuzimika, kwanza tushushe hendibreki mpaka mwisho. Bado inawaka? Tutazame kikopo cha mafuta ya breki. Yakipungua, ama laini za breki zimekwisha au mafuta yanavuja. Kuongeza tu hakutoshi. Tukague kila gurudumu na mipira yake. Yakiwa sawa, huenda swichi imekufa, lakini hilo athibitishe fundi, si maneno ya kijiweni.

Mpaka hapo lori lisitoke. Pamba itangoja ghalani. Mtu akifa mteremkoni hana spea.

Kung'oa globu ni kujiziba macho, breki haiponi.

Katibu