Mgongo wa kuli ulindwe

Katika masoko mengi ya Tanzania, gunia la mahindi la kilo 100 bado hupandishwa kwenye lori kwa mgongo wa mtu mmoja. La lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, huzidi hapo. Tangu mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani linapendekeza mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Kuli akiumia uti wa mgongo, hana mshahara wala likizo ya ugonjwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo. OSHA, wakala wa serikali unaoisimamia, iingie masokoni, ikague uzito, umbali na namna ya kubeba. Halmashauri zinazokusanya ushuru zijenge majukwaa ya kupakilia na kuweka matoroli. Wafanyabiashara wafungashe magunia ya kilo 50. Hakuna faida inayohalalisha kumlemaza mfanyakazi.