Kura za Mweru zisitolewe kwa mkopo

Mfanyabiashara wa samaki wa Puta hapakii mzigo kwenye lori kabla ya kujua bei. Lakini uchaguzi ukifika, mwambao huu wa Ziwa Mweru, hadi Nchelenge, hukikabidhi chama kimoja sehemu kubwa ya kura zake bila kuuliza utalipwa nini.

Mwaka 2009 PF ya Michael Sata, iliyokuwa na nguvu Luapula, Kaskazini na Copperbelt, iliungana na UPND ya Hakainde Hichilema, yenye ngome Kusini. Muungano ulivunjika 2011 kabla ya uchaguzi, kwani hawakukubaliana nani agombee urais. Sata akasimama peke yake na kushinda kwa asilimia 42 hivi. Wakati ule ilitosha kumzidi mpinzani.

Marekebisho ya katiba ya 2016 yalibadili hesabu: mshindi lazima avuke nusu ya kura. Ngome moja haitoshi tena. Mwaka 2021 Hichilema aliongoza muungano wa vyama, mgombea mwenza akiwa Mutale Nalumango, aliyewahi kuwa mbunge wa Kaputa, jirani na Chienge. Akapata karibu asilimia 59, ingawa Luapula ilibaki na PF.

Wapo wanaosema miungano hii inaponya ukabila. Ni kweli inamlazimisha mgombea kuomba kura kwa watu wasiozungumza lugha yake. Ila kinachogawanywa mezani mara nyingi ni vyeo: huyu rais, yule makamu, mwingine waziri. Mama anayevusha unga kwenda Congo na kurudi na samaki hana kiti kwenye meza hiyo.

Madai yake si mengi. Zambia inapofunga uvuvi Mweru kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, ng'ambo nako kufungwe siku hiyohiyo, maana samaki hawajui mpaka. Ushuru wa mizigo midogo ujulikane na ubandikwe mwaloni, kila mtu ausome.

Vyama vinavyotaka kura za ziwani viyaandike hayo kwenye mapatano yao na kuyasoma hadharani Puta na Nchelenge kabla ya siku ya kupiga kura. Wafanyabiashara wanajua wenyewe: mali bila daftari hupotea bila habari. Kura nayo ni mali.