Njia ya Mlimani ni Mali ya Umma

Uganda haina pwani ya bahari, lakini haikunyimwa mandhari ya ufuko. Apandaye miteremko mikali ya Bwesumbu, katika Wilaya ya Kasese, akageuka nyuma siku ya anga jeupe, huuona uwanda wa Hima umetandazwa chini kama mkeka, na mbali upande wa kusini Ziwa George likimetameta. Ziwa hilo liko mita zipatazo 914 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Margherita, kilicho nyuma ya vilima hivyo, kina mita 5,109. Ni nchi chache duniani zenye ngazi kama hiyo.

Sifa za Ruwenzori zimekwisha kuenea. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alifika kileleni. Mwaka 1991 mlima ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini yafaa tukumbuke kwamba hakuna mgeni aliyepanda kwa nguvu zake peke yake. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na njia zilijulikana na Wakonzo kabla ya ramani yoyote kuchorwa.

Kwa mgeni, njia ya mlimani ni matembezi. Kwa mwananchi wa Bwesumbu ni barabara kuu. Humo hupita kahawa iendayo sokoni, mtoto aendaye shuleni, na mgonjwa aliyelazwa juu ya machela. Kwa hiyo swali la hali ya njia hizo si swali la starehe hata kidogo.

Ni jambo la kusikitisha kwamba vijia vingi vya milimani huteremka wima, kwa kuwa kila mtu hutafuta mkato. Mvua inyeshapo, maji nayo hushika mkato huo huo, huuchimba, na baada ya misimu michache kijia huwa korongo. Sisemi kwamba vijia ndivyo vilivyoleta maafa ya Kasese. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaiharibu Hospitali ya Kilembe. Na Septemba 2022 maporomoko ya udongo yaliua watu katika kijiji cha Kasika. Sababu za misiba kama hiyo ni nyingi. Hata hivyo, udongo wa mlimani hauna subira, na haifai mwanadamu aupunguzie nguvu kwa uvivu wa hatua ishirini.

Katika chuo cha makadeti, askari mwanafunzi hufundishwa kwamba mlima mkali haukabiliwi kwa kifua. Hupandwa kwa mshazari, kwa hatua fupi, wayo wote ukikanyaga chini, na kikosi kizima hufuata mwendo wa aliye dhaifu. Njia iliyochongwa vyema hufuata kanuni hiyo hiyo: hupindapinda, huwa na mitaro ya kuyatoa maji pembeni, na kingo zake hushikwa na majani yenye mizizi mingi.

Wako watakaosema kwamba barabara za magari zitangulie. Barabara ni lazima, lakini gari husimama pale mteremko unapokaza, na kuanzia hapo mkulima humaliza safari kwa miguu. Hapana budi, basi, serikali za mitaa ziviingize vijia vikuu katika mipango ya kazi za umma, na wananchi wakutane na majembe yao kabla ya mvua za Machi na za Agosti. Mtembezi naye ana wajibu wake: amchukue mwongozaji mwenyeji, amlipe ujira wa haki, wala asikate kona ili awahi kupiga picha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlimani hata ukuta hauwezekani, kwa maana udongo ukisha kushuka bondeni hakuna awezaye kuupandisha tena. Mandhari ya Ziwa George tumepewa bure. Njia ya kuyafikia ni sisi wenyewe tutakaoitunza, au tutakaoipoteza.