Hasara ni ya Nani? Somo la Hesabu na Wakili wa Makampuni

Katika safari za kukagua mazoezi ya kufundisha tumeketi nyuma ya madarasa mengi, lakini somo moja tulilolisikiliza katika kata ya Nambilanje, wilayani Ruangwa, halijatutoka akilini. Mwanachuo alikuwa akifundisha hesabu za biashara katika darasa la sita. Andalio lake lilikuwa zuri, na hesabu aliyoiandika ubaoni ilitokana na maisha ya watoto wenyewe: mkulima amepeleka ghalani kilo 240 za korosho, bei ya mnada ni shilingi 2,900 kwa kilo, makato ni shilingi 150 kwa kila kilo, je, atapokea kiasi gani? Watoto wakakokotoa, wakapata shilingi 660,000. Ndipo msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, zikinyeshewa ghalani kabla ya mnada, hasara ni ya nani?" Mwanachuo akajibu kwamba swali hilo halimo katika somo la leo.

Sisi twaona kwamba lilikuwamo.

Vijana wetu wanaotamani uanasheria humwona wakili kuwa ni mtu wa joho jeusi, msemaji hodari mbele ya hakimu, na yafaa tukiri kwamba picha hiyo wameipata kwetu walimu. Wakili wa makampuni hupitisha siku zake nyingi mbali na mahakama. Husoma mikataba, na katika kila ukurasa hujiuliza: mali hii ni ya nani kwa sasa? Nani anamdai nani? Fedha zitatoka wapi, na mambo yakiharibika nani atalipa? Vifungu vya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 vyaweza kukaririwa kwa mitihani. Jicho la kuona biashara nyuma ya vifungu halikaririki. Hukua polepole, na lisipoanza kufunguliwa shule ya msingi huja kufunguliwa kwa taabu Chuo Kikuu.

Tulitazame tena swali la msichana yule. Korosho zilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani katika msimu wa 2007/2008, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2005. Kwa mfumo huo mkulima akabidhipo mzigo hajauuza bado. Umiliki ni wake, na mwenye ghala ni mtunzaji tu, anayewajibika kwa hasara iliyotokana na uzembe wake. Stakabadhi yenyewe ina sehemu ya umiliki na sehemu ya rehani, hata mwenye nayo aweza kuipeleka benki akakopa kabla ya mnada. Katika karatasi hiyo moja mna umiliki, utunzaji, dhamana na mkopo, na karatasi za namna hiyo zimo majumbani mwa wanafunzi. Mwalimu wa mjini angelazimika kuitafuta kama zana ya kufundishia.

Watatuambia wengine kwamba mtoto wa darasa la sita ni mdogo mno, na kwamba muhtasari umejaa. Hatuombi mada mpya. Twaomba dakika tano baada ya jibu kupatikana, na swali moja lililoandaliwa tangu nyumbani. Katika somo la Kiswahili nako, mwalimu aweza kuwatenganishia watoto maneno mapato na faida, deni na dhamana, mtaji na mkopo. Tumekuta hata wakufunzi wenzetu wakiita mapato faida, nasi wenyewe hatujasalimika.

Wapo pia wanaohofu kwamba tutawafundisha watoto ulanguzi. Hofu hii ina historia yake, wala hatuidharau. Lakini Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shamba la shule liwe na hesabu zilizotunzwa vizuri, na wanafunzi washiriki kuamua matumizi ya mapato yake. Shule nyingi zilishika jembe zikaliacha daftari.

Somo la historia nalo lina mfano jirani, Nachingwea. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1948 sheria iliyounda shirika la kuendesha Mpango wa Karanga. Nyaraka zilikuwapo, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikafika Nachingwea. Yaliyokosekana ni majibu ya maswali madogo: mvua hunyesha kiasi gani, udongo hukauka namna gani, na kung'oa visiki kutagharimu kiasi gani kwa ekari. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi, ambayo hatimaye ililipwa na walipa kodi wa Uingereza. Tangu hapo reli imeng'olewa. Mwalimu akifundisha habari hii aulize darasani swali lile lile la msichana wa Nambilanje.

Nalo si swali la zamani tu. Ruangwa ina madini ya kinywe, na makampuni ya kigeni yamekuja kuyatafuta. Tangu mwaka 2017 sheria huipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji mkubwa na wa kati, bila kuzilipia. Hisa hizo hujadiliwa mezani na mawakili. Twapenda baadhi yao wawe watu waliowahi kuona korosho zikipimwa.

Jioni ile tulizungumza na mwanachuo wetu kwa muda mrefu, naye hakufurahi sana. Asubuhi alikuja na stakabadhi aliyoazimwa na mzazi mmoja, jina limefunikwa kwa kipande cha karatasi. Watoto waliizunguka wakaisoma mstari kwa mstari, na msichana yule akataka kujua mwenye ghala naye hulipwa na nani. Kengele ililia wakiwa bado wamesimama. Somo la sehemu lilisogezwa hadi Alhamisi.